Niachieni Jicho Langu

Mtu akivunjika mguu mtaani kwetu, hakuna jirani anayetokea na misumari. Akiumwa jino hupewa pole na kuelekezwa hospitali. Lakini jicho likiwa jekundu tu, kila mwenye kikombe anakuja mbio, kikombe kina kitu ndani, na hicho kitu lazima kiingie jichoni mwako kabla yeye hajarudi kwake.

Nasema kwa ushahidi. Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoivamia Dar es Salaam, Wizara ya Afya ikatangaza kwamba wagonjwa wameongezeka na kwamba kinachowasumbua ni kirusi, mimi nilikuwa kati ya raia walioitikia mapema. Lilianza jicho la kushoto. Mchana lilikuwa linakereketa, nikadhani ni vumbi la barabara yetu, ambayo inatengenezwa tangu watoto wangu hawajaanza shule. Jioni likaanza kumwaga machozi bila msiba. Asubuhi kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo, ikabidi nipapase ukuta hadi bombani. Haikupita muda la kulia nalo likaona linatengwa, likajiunga.

Sasa sisi tunaoishi nyumba za kupanga hatuna ugonjwa wa siri. Bomba liko uani, choo kiko uani, na mama mwenye nyumba yuko uani.

"Baba Rehema, hilo jicho!"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nakuuliza hilo jicho."

"Nimeamka nalo hivi hivi, mama."

"Usiondoke hapo."

Akarudi na chai ya rangi iliyolala tangu jana. Akanihakikishia haina sukari, kana kwamba sukari ndiyo iliyokuwa inanitia hofu. Kabla sijapata maneno ya adabu ya kumkatalia mtu anayenidai kodi, alishafika mzee wa chumba cha mbele na dawa ya kwao: mkojo, tena wa mwenyewe, tena ule wa kwanza wa alfajiri. Fundi gereji aliyekuja kuchota maji akasema mkojo ni ushamba, dawa ni mate, ila yawe ya kabla ya kupiga mswaki. Wakabishana pale, mkojo na mate, kila mmoja ana ndugu yake aliyepona. Hakuna aliyenishirikisha mimi mwenye jicho.

Halafu yakaja maziwa. Mama mwenye nyumba aliita kwa sauti inayofika kituo cha daladala: "Mama Sele! Hebu njoo umkamulie Baba Rehema!" Ua zima likanyamaza. Mke wangu alikuwa anaanua nguo. Alinigeukia kwa macho ambayo hayakuwa na kirusi hata kimoja na bado yalikuwa mekundu kuliko yangu. Nikashukuru, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Niyasemee hayo maziwa, maana ndiyo dawa inayopendwa kuliko zote. Maziwa ya mama ni chakula bora cha mtoto, kikipita mdomoni. Ukiyamimina kwenye jicho bovu, kirusi hakifi, na bakteria nao wamepata futari. Mkojo ndio kabisa: mwenye kisonono asiyejijua akijipaka jichoni, ameutoa ugonjwa mahali ambapo ungetibiwa kwa staha na kuupeleka mahali ambapo unaweza kutoboa kioo cha jicho kwa siku chache tu. Chai iliyolala, mate, maji ya shubiri, yote ni kuingiza uchafu mpya juu ya ugonjwa wa zamani. Kuna waliotumia tangawizi. Tangawizi, jamani! Mtu analia kwa sababu jicho linachoma, unamwongezea tangawizi?

Nikaenda zahanati. Foleni ilikuwa ndefu na wote tumevaa miwani myeusi, ungedhani kuna waziri anakuja kuzindua kitu. Daktari mwenyewe binti mdogo, akaniamkia vizuri kabla ya kuniambia niivue. Alinawa mikono, akavaa glovu, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba, akamulika kwa tochi. Kisha akanibonyeza mbele ya sikio, pale taya linapoanzia, nikaruka kitini. Kumbe kulikuwa na kitezi kimevimba na mimi mwenye nyumba sina habari. Yeye alitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba walikuwa na miadi.

Ndipo maswali yakaanza. Yanatoka maji au usaha? Linawasha au linakereketa? Ukisoma maandishi unayaona sawasawa? Mwanga unakuumiza? Unavaa lenzi? Nyumbani kuna mwingine? Nikanuna. Niliona ananipotezea muda, jicho si hilo hapo analiona? Lakini kila swali lilikuwa na kazi yake. Maji mengi, kukereketa, kuanza jicho moja na kuhamia la pili, mafua kidogo na kile kitezi, hivyo ni dalili za kirusi, na mara nyingi ni ukoo wa adenovirusi. Usaha mzito wa njano au kijani, unaupangusa na dakika chache umejaa tena, hao ni bakteria, na mgonjwa huyo ndiye anayefaidika na dawa ya antibayotiki. Muwasho wa kutaka kuling'oa jicho, pande zote mbili kwa pamoja, na chafya juu yake, huo ni mzio. Mwenye nao hamwambukizi mtu hata akimkumbatia mchana kutwa. Wote watatu wana macho mekundu. Mtaani kwetu wote watatu wanapewa chai.

Kwenye swali la kuona na la mwanga alinikazia zaidi. Ugonjwa huu huvamia ile ngozi laini inayofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope. Unakera, unachafua sura, lakini mara nyingi hauharibu uwezo wa kuona. Jicho likiuma kwa ndani, mwanga ukawa unachoma, ukungu ukabaki hata baada ya kupepesa, au kikaonekana kidoa cheupe kwenye kioo cha jicho, hapo hakuna cha kusubiri, ni daktari wa macho siku hiyohiyo. Vivyo hivyo anayevaa lenzi, na aliyeumia jichoni. Aliyemwagikiwa na kemikali aanze kwa kuliosha palepale kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, ndipo aanze safari.

Na mtoto mchanga. Hapa sina utani. Mtoto aliye chini ya mwezi mmoja akitoa usaha machoni hapewi chai, hapewi maziwa, hapewi ushauri wa jirani. Anapelekwa hospitali siku ileile. Anaweza kuwa ameupata ugonjwa wakati wa kuzaliwa, kisonono au klamidia, na kisonono kina uwezo wa kumpofusha upesi. Ndiyo sababu wakunga huwapaka watoto dawa ya tetrasaiklini machoni mara wanapozaliwa. Mama Sele aliyeitwa kunikamulia ana kichanga mgongoni. Watu wazima wenye akili zao walikuwa tayari kumsogeza mtoto huyo hadi kwenye jicho langu linalotiririka, eti wananisaidia.

Hukumu ikatoka. "Baba, kirusi hiki hakina dawa ya kukiua. Kitaondoka chenyewe, wiki moja, mbili, wengine hufika tatu. Kanda kwa kitambaa baridi. Nawa mikono. Usiliguse." Akaniandikia matone ya machozi bandia ya kupunguza mkereketo. Yaani nimepanga foleni, nimelipa hela ya kumwona daktari, nimeambiwa niliache jicho, halafu nikanunue machozi! Mimi ambaye nilikuwa nayatoa bure, tena ya kugawa.

Nyumbani nikapokelewa na mke wangu mlangoni.

"Umechomwa sindano?"

"Sijachomwa."

"Vidonge?"

"Hakuna."

"Basi hujaenda hospitali, Baba Rehema. Sema ulipopita."

Sisi ndivyo tulivyo. Hatuwezi kuona kitu kibovu kinaachwa kijitengeneze. Redio ikikwaruza tunaipiga. Ndoa ikitulia tunaitisha kikao. Daktari anayesema "subiri" tunamwona hajasoma, na yule anayejaza mfuko wa dawa tunamwita bingwa. Binti yule alifanya kazi ngumu kuliko zote, ya kumtazama mtu mzima analia na kumwambia ukweli kwamba dawa kubwa ni kalenda. Mimi mwenyewe nililalamika njia nzima, lakini nililalamika jicho likiwa halina chai ndani yake.

Machozi bandia nikayafuata duka la dawa. Kijana wa kaunta hakuniuliza kitu, hata miwani hakuniambia nivue. Alipanda kistuli akashusha kichupa. "Achana na hayo machozi, mzee. Hii inakata wekundu leo leo." Nikakisogeza mpaka puani nikasoma kwa taabu: deksamethasoni. Hiyo ni steroidi. Na kweli inakata wekundu, sibishi. Inanyamazisha askari wa mwili, jicho linakuwa jeupe la kwendea harusini, na kirusi kinaendelea na shughuli zake bila kusumbuliwa na mtu. Kirusi chenyewe kikiwa ni kile cha malengelenge ya mdomoni, ambacho nacho hupenda kupanda machoni, steroidi inaweza kukipa ruhusa ya kukitafuna kioo cha jicho. Na wapo watu wanaoizoea, kila macho yakichoka wanatia, miezi na miezi, kwa sababu "macho yangu yanaipenda." Hao wanakuja kupata presha ya macho, ambayo inaiba uwezo wa kuona kidogo kidogo bila hata kuuma, na mtoto wa jicho juu yake. Steroidi za macho zina kazi yake, lakini anayepaswa kuamua ni aliyeliangalia jicho kwa kifaa chake, si aliyepanda kistuli.

Nikamrudishia. Akatoa nyingine, ya bakteria. Nikamwambia mimi nina kirusi. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, zote si za macho?"

Lakini kilichonichosha kuliko dawa ni imani kwamba ugonjwa huu unaambukizwa kwa kuangaliana. Jiji zima liliamini hivyo. Machinga wa miwani myeusi walifanya biashara ambayo hawakuwahi kuiota. Miwani inampunguzia mgonjwa makali ya mwanga na kuwapunguzia wengine ubaya wa sura yake, basi. Kirusi hakirushwi kwa macho. Kinapanda mkononi mwa mgonjwa pale anapojipangusa, kinashuka kwenye kitasa cha mlango, kinapanda mkono wa pili, na huyo wa pili anakipeleka mwenyewe jichoni kwake. Na hakina haraka. Adenovirusi huweza kukaa kwenye sehemu kavu kwa siku nyingi, hata wiki, na vile vitakasa mikono vya spiriti tulivyovizoea enzi za korona si vya kutegemea sana hapa. Sabuni na maji yanayotiririka ndivyo vya kuaminika.

Nilipanda daladala, konda akaniona. "Mzee wangu, samahani, wewe angalia dirishani." Abiria aliyekuwa pembeni yangu akahama siti, akaenda kusimama mlangoni, akashika bomba lilelile nililokuwa nimeling'ang'ania kutoka kituoni. Akalishika kwa mkono wote, kwa utulivu wa mtu aliyeokoka. Kisha akajikuna kope.

Ofisini ilikuwa zaidi. Bosi wangu alizungumza nami akiwa amenigeuzia ubavu, macho kwenye picha ya ukutani. Aliniambia kampuni inajali afya, kwa hiyo nirudi nyumbani nipumzike, lakini kabla ya kuondoka nipite mapokezi nisaini daftari, kwa kalamu ile iliyofungwa kamba, kisha niweke kidole kwenye mashine ya mahudhurio. Hiyo mashine inaguswa na kila mfanyakazi, asubuhi na jioni, na haijawahi kuiona sabuni. Nilijitolea nisiguse. Mtu wa rasilimali watu akasema bila kidole nitaonekana mtoro. Nikaiachia kampuni kidole changu. Wiki iliyofuata nusu ya idara ya uhasibu ilikuwa nyumbani na bosi akasema yeye alionya mapema watu wasiangaliane.

Kutafuta wa kumlaumu, hata hivyo, hatukuanza sisi. Mwaka 1969 aina mojawapo kali ya ugonjwa huu, ile inayovilisha damu kwenye weupe wa jicho, ilionekana kwa mara ya kwanza Ghana. Ikasadifu kwamba Julai ya mwaka huohuo Apollo 11 ilikuwa imetua mwezini, basi watu wakaunganisha hesabu, na ugonjwa ukapewa jina la Apollo ambalo sehemu za Afrika linatumika mpaka leo. Wataalamu walipochunguza walikuta ni enterovirusi ya namba 70, ambayo inasafiri kwa mikono na taulo. Wamarekani walikuwa na mengi ya kujibu mwaka ule, lakini macho ya Accra hayakuwamo. Mtaani kwetu walilaumu minara ya simu. Hakuna aliyemlaumu kinyozi.

Mimi namlaumu kinyozi. Pale saluni ya kona kuna taulo moja, lilikuwa jeupe siku za nyuma. Mteja akimaliza kunyolewa anafutwa uso kwa taulo hilo, kwa nguvu, kuanzia kwenye paji hadi shingoni, akipitia machoni. Anayefuata anafutwa kwa lilelile. Ukiuliza unaambiwa limewekwa maji ya moto, na ni kweli, liliwekwa asubuhi. Saluni ya kina mama iliyo jirani yake ina kijiti kimoja cha wanja, na siku za harusi wapambe wote wanapita hapo. Halafu kuna helmeti ya bodaboda. Siendelei, kuna watu wanasoma huku wakila.

Kwangu nilitunga sheria. Taulo langu peke yangu, foronya yangu inafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na pamba iliyoloweshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa ndiyo inayofuta tongotongo, kutoka upande wa pua kwenda nje, ukishafuta mara moja unaitupa. Rehema, ambaye ana miaka saba na roho ya mgambo, akateuliwa msimamizi wa taulo. Alinikamata nikijifuta kwa khanga ya mama yake na akaripoti.

Kunawa mikono niliweza. Kutoligusa ndiko kulikonishinda, na sidhani kama kuna binadamu anayekuweza. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwarekodi wanafunzi wa udaktari wakiwa darasani: kwa wastani kila mmoja alijigusa uso mara 23 kwa saa. Hao ni wanafunzi wa udaktari, tena jicho haliwawashi. Mimi nilikalia mikono yangu. Nikiitoa tu kuchukua kikombe, kidole kilikuwa kinajua njia. Mke wangu alipendekeza nifungwe, na sikuipenda kasi aliyokwenda nayo kutafuta kamba.

Jicho likapona. Kwanza maji yakapungua, kisha wekundu ukarudi nyuma kuelekea pembeni, kile kitezi kikanywea. Uani wakagawana ushindi: mama mwenye nyumba anasema ni chai, kwa maana aliiacha dirishani kwangu, na mzee wa chumba cha mbele ananikonyeza kila tukikutana chooni, akiamini kwamba niliona aibu tu kukiri.

Kichupa cha machozi bandia kilikuwa kimebaki nusu. Ncha yake ilishagusa kope zangu, kwa hiyo nilikitupa na sikukifikiria tena. Jumamosi akaja shemeji yangu, mdogo wake na mke wangu, kavaa miwani myeusi ndani ya nyumba.

"Shemeji, nasikia umepona. Ile dawa yako si imebaki? Nigawie."

Nikamweleza taratibu kwamba dawa ya macho ni ya mtu mmoja, kwamba nimeitupa, na kwamba kwanza haikuwa dawa, yalikuwa machozi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nimeitupa kwa sababu nilisikia anakuja.

Tangu hapo simu hazikatiki. Mama mkwe amepiga kutoka Korogwe, nikaamkia, akaitikia kwa shingo upande, akaniuliza ni lini nilianza kumnyima mtoto wake hata machozi. Kikao kimepangwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Nimeomba kitu kimoja tu, kwamba watakaofika tusipeane mikono, na nimejibiwa kwamba hilo nalo limeingizwa kwenye mashtaka.